Bibi Alisema Hakulia: Somo Fupi la Kuandika Hadithi ya Mwanamke wa Kweli

Muhula uliopita tulipewa asaimenti ya fasihi: andika hadithi ya kihistoria yenye msingi wa maisha ya mwanamke aliyeishi kweli. Wenzangu wengi walikimbilia kwa Bibi Titi Mohamed. Mimi nikajiambia sina haja ya kuhangaika, bibi yangu yupo nyumbani Kwa Mrombo na historia anayo. Nilipata alama nzuri, nisidanganye. Ila hadithi yenyewe ilikuwa na kosa, na kosa hilo ndilo somo la leo.

Hadithi ya kihistoria siyo wasifu

Tuanze na Salme binti Said, maana kwake tofauti inaonekana wazi. Alizaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa Sultani Seyyid Said. Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, akaitwa Emily Ruete. Mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake mwenyewe kwa Kijerumani. Hiyo ni tawasifu: anayesema ni yeye. Mwaka 2010 mwandishi wa Ujerumani, Nicole C. Vosseler, akatoa riwaya iliyotokana na maisha hayo hayo, *Sterne über Sansibar*. Hapo sasa mtu mwingine anasema kwa niaba ya Salme, na anabuni mazungumzo na mawazo yake.

Kati ya hizo mbili kuna wasifu, kama Shaaban Robert alivyomwandikia Siti binti Saad. Mwandishi wa wasifu anafungwa na yaliyotokea. Mtunzi wa riwaya ana uhuru zaidi, lakini nauliza: uhuru huo unaishia wapi?

Kwa Salme tunaweza kumpima mtunzi, kwa sababu kitabu cha mwenyewe kipo. Wanawake wengi wa kwetu hawakuacha kitabu. Ukiwabuni vibaya, hakuna wa kukusahihisha.

Kesi ya Wameru na wanawake wasio na majina

Ukisimama Kwa Mrombo asubuhi kukiwa hakuna mawingu, Mlima Meru unauona wote. Usichokiona ni Engare Nanyuki, iko upande wa pili wa mlima, kaskazini mashariki. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 huko ili ardhi wapewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto, watu wakapelekwa King'ori, kwenye joto na ukame. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kulalamika mbele ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 1967 yeye na wakili Earle Seaton wakachapisha kitabu kuhusu kesi hiyo.

Jina la Kirilo tunalijua, na ni haki yake. Lakini ndani ya wale 3,000 walikuwemo akina mama waliobeba vyungu, mbegu na watoto. Wao wamebaki kuwa hesabu tu. Ndiyo maana hadithi ya kubuni inahitajika.

Bibi yangu alikuwa mmoja wao, mtoto wa miaka kama kumi.

Kosa langu

Nilisoma habari za kesi, nikafunga kitabu, nikaandika. Bibi sikumuuliza chochote. Nikamtunga binti anayesimama mlangoni, amenyoosha mikono, analia kwa sauti na kumwambia askari kwamba ardhi ni ya babu zake.

Likizo nikamsomea. Ilikuwa Jumamosi jioni, moshi wa nyama choma unaingia uani kama kawaida ya Kwa Mrombo. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, kwa hiyo alisikiliza amefumba.

"Huyo mtoto ni nani?"

"Ni wewe, bibi."

"Hapana, mama. Mimi sikulia. Mama alitukataza kulia mbele ya askari. Nilikuwa nimembeba mdogo wangu mgongoni, nawaza kuku. Kuku wangu alikuwa ameatamia mayai. Nikamuuliza mama, na kuku je? Hakunijibu."

Jamani, niliona aibu. Miaka zaidi ya sabini amekaa na kuku huyo moyoni, na mjukuu anayesomea ualimu akampa maneno ya mtu mwingine. Kumbe lile katazo la mama yake lilikuwa na nguvu kuliko hotuba yote niliyotunga.

Kanuni nilizojifunza

1. *Uliza kwanza.* Swali la "ulijisikiaje?" huleta jibu fupi. Uliza mlikula nini siku hiyo, nani alibeba nini, mlilala wapi.

2. *Gawa ukurasa wa daftari mara mbili.* Kushoto andika yanayojulikana: mwaka, mahali, alichosema mwenyewe. Kulia andika unayobuni. Ya kulia yasifute ya kushoto. Alichowaza mama wa bibi aliponyamaza naweza kukibuni, kwa sababu hakuna anayekijua. Machozi ya bibi siwezi kuyabuni, ameshasema hayakuwepo.

3. *Usimlazimishe kuwa shujaa wa sinema.* Mwache na ujasiri wake alionao.

4. *Omba ruhusa.* Kama si mtu wa kujulikana, badilisha jina, na msomaji umwambie kwamba hii ni hadithi ya kubuni.

5. *Msomee.* Kama hayupo tena, wasomee wanaomfahamu.

Kwa sisi tunaokwenda kufundisha, hili lina faida. Mwanafunzi wa sekondari akisikia "1951" anakariri kwa ajili ya mtihani. Akisikia kuku aliyeachwa juu ya mayai, atauliza kwa nini watu walihamishwa, na hapo kipindi kimeanza.

Hadithi nimeiandika upya. Nilipomsomea bibi mara ya pili, aliuliza jambo moja tu: "Na kuku umempeleka wapi?"

"Nimemwacha pale pale, bibi. Sijui kilichompata."

"Hata mimi sijui," akasema. "Hapo umesema kweli."

Zoezi: Likizo hii chagua mwanamke mmoja mzee wa kwenu. Muulize maswali matano ya vitu vidogo kabla hujaandika hata sentensi moja. Usingoje muhula ujao.