Amesakamwa au Amekosa Hewa? Neno "Choke" na Ndugu Zake

Somo la leo limetokana na kisa kilichonitoa jasho. Mwaka jana kwenye tafrija ya kuwakaribisha wanafunzi wapya hapa Uingereza, jamaa mmoja alikuwa anakula mishikaki huku anacheka. Ghafla kanyamaza. Macho yamemtoka, mikono yote miwili iko shingoni. Nikamkimbilia mlinzi wa ukumbi, nikapiga kelele: "He is suffocating!" Mlinzi wa watu akafanya jambo la busara kabisa kwa neno aliloambiwa: akakimbilia madirisha na kuyafungua. Aliyemwokoa mwenzetu ni mama mmoja wa jikoni. Alimtazama, akauliza "Is he choking?", wala hakungoja jibu. Alimpiga mgongoni mara nne, nyama ikatoka.

Sarufi yangu haikuwa na kasoro. Neno ndilo halikuwa lenyewe. Basi tulitazame.

1. Kitu kukwama kooni. Hii ndiyo maana ya msingi ya "choke": njia ya hewa imezibwa kwa ndani, iwe kwa chakula, mfupa au sarafu aliyomeza mtoto. Sisi tunasema kusakamwa au kukabwa, na kama ni maji au mate yamepita njia ya panya, kupaliwa. Kiingereza kinatumia neno moja kwa yote hayo, na kinafuatiwa na "on": "He choked on a bone."

2. Kumkaba mtu. "He choked him" ni kumkaba koo. Ile kabali ya wezi wa usiku inaitwa "chokehold".

3. Kusonga. Shamba lililosongwa na magugu ni "choked with weeds". Ghuba za Ziwa Victoria zikijaa magugu maji, neno ni hilo hilo.

4. Kubanwa na uchungu. "She choked back tears" maana yake aliyazuia machozi yasitoke.

5. Kushindwa dakika za mwisho. Hili ni la michezoni. Mwaka 1999 timu ya kriketi ya Afrika Kusini ilitoka sare na Australia, 213 kwa 213, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Birmingham, na Australia ndiyo iliyokwenda fainali. Jina la "chokers" likawaganda Waafrika Kusini kwa miaka mingi. Juni 2025 waliifunga Australia hiyo hiyo uwanjani Lord's na kutwaa ubingwa wa dunia wa mechi za Test. Nahodha Temba Bavuma alieleza baadaye kwamba hata siku hiyo waliwasikia wapinzani wakilitamka neno lile.

6. La mafundi, yaani la kwetu sisi wahandisi. Choki ya kabureta hupunguza hewa inayoingia, petroli ikazidi katika mchanganyiko, injini baridi ikawaka. Choki ya taa ya tyubu hubana umeme usipite kupita kiasi.

Mmeona jamani? Kuanzia kooni mpaka kwenye kabureta, wazo ni moja: NJIA IMEBANWA. Sasa linganisheni na ndugu zake:

- "Suffocate": mtu hapati hewa, kwa sababu yoyote ile. Mwingereza akilisikia hufikiria haraka chumba kilichofungwa au moshi.
- "Smother": kufunikwa pua na mdomo, kwa mto au blanketi. Hata moto wa kikaango unaweza uka-smother kwa kuufunika.
- "Strangle": kunyonga, shingo inabanwa kwa nje.
- "Stifle": kuzuia kitu kisitoke, kama miayo au kicheko. "Stifling" ni joto la chumba linalokutoa pumzi.

Kwa hiyo jiulize: njia imezibwa, au hewa ndiyo haipo? Anayesakamwa hata umpeleke ufukweni kwenye upepo, hasaidiki mpaka kile kitu kitoke.

Tahadhari ya matamshi. "O" yetu ni fupi na nyoofu, na ukiitumia hapa Mwingereza anaweza kusikia "chalk", yaani chaki. Anza na "o", malizia kwa kukaza midomo kama unataka kusema "u": chouk. Na mwisho usiongeze "i" ya fundi.

Na kwa kuwa neno bila kitendo halimwokoi mtu: anayeweza kukohoa, mhimize aendelee kukohoa. Akishindwa kukohoa, kusema au kupumua, mwinamishe mbele, mpige kwa kiganja katikati ya mabega, hadi mara 5. Isipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, vuta kuelekea ndani na juu, hadi mara 5. Isipotoka bado, piga 999 na useme "He is choking", kisha rudia yale yale mpaka wasaidizi wafike. Mjamzito na mtoto chini ya mwaka mmoja wasibanwe tumbo.

Zoezi: tafsiri "Mtoto amesakamwa na karanga", "Chumba hiki hakina hewa" na "Alizuia kicheko". Kila sentensi ina neno lake.

Yule jamaa bado anakula mishikaki, ila siku hizi anatafuna kwanza, anacheka baadaye. Tukutane toleo lijalo.