Mpeni Bibi Ngoma Yake: Vidokezo vya Sanaa ya Mtaani Unguja

Dharau ya umri mitaani kwetu huenda pande mbili. Barazani utasikia kwamba vijana wa siku hizi hawana wanachokijua; ukienda hatua chache mpaka maskani, utasikia kwamba mzee fulani wakati wake umepita. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilisema mtu mmoja kati ya wawili duniani ana mtazamo wa kuwabagua wazee kwa umri wao, ikataja dawa tatu: sheria, elimu, na kuwakutanisha watu wa rika tofauti. Zanzibar haikukaa bure. Aprili 2016 ilianza kuwalipa pensheni jamii wazee wa miaka 70 na zaidi, kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2020 ikatunga sheria ya masuala ya wazee. Dawa ya tatu iko mikononi mwetu sisi wa mtaani, na ngoma, kanga na taarab za kuanzia tunazo.

1. Mpeni mzee kazi, si kiti cha mbele tu.
Shughuli nyingi za kuwaenzi wazee huwapanga mstari wa kwanza, wakapewa soda, wakapigwa picha, wakarudishwa nyumbani bila kusema neno. Mkumbukeni Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika. Wapo waliosema mia imepita. Lakini hakupandishwa jukwaani akae. Aliimba, alipiga ngoma, aliwafunda wari, na mwaka 2005 alipata tuzo ya kimataifa ya muziki ya WOMEX akiwa bado yumo kazini. Basi kabla ya kumwalika mzee, jiulizeni: siku hiyo asipokuja, kuna jambo litakwama? Kama hakuna, bado hamjampa kazi. Afundishe mdundo, achague rangi, asahihishe mizani ya shairi, aamue nani aanze.

2. Anzeni na kanga.
Ukimwambia bibi akusimulie ya zamani, atakuuliza zamani ipi. Mtie kanga mkononi, mengine yatakuja yenyewe: ilinunuliwa lini, ilivaliwa harusi ya nani, jina lake lilimlenga jirani gani. Kila nyumba ilete doti moja ya zamani na moja mpya, zitandazwe juu ya mkeka. Kisha makundi mchanganyiko yatunge kanga yao wenyewe: pindo, mji na jina. Kina bibi wana ufundi wa kumaliza jambo zito kwa maneno manne; wajukuu wana mkono wa kuchora, kwenye karatasi au kwenye simu. Hapo kila mmoja anamhitaji mwenziwe, na mimi naamini dharau huanza kuondoka palepale unapomhitaji mtu.

Picha nazo zinafaa. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imehifadhi sura za mji na watu wake kwa miongo mingi. Tafuteni na zile zilizolala kwenye masanduku ya nyumbani kwenu. Kijana aulize, "Huyu nani, bibi?" na msimkatize bibi akijibu kwa mzunguko.

3. Tazameni ngazi.
Nyumba za Mji Mkongwe zinapendeza, lakini ngazi zake ni kali kwa magoti. Kutaneni chini, uani au barazani. Viti viwe na mgongo, choo kiwe karibu, maandishi yawe makubwa. Anzeni baada ya alasiri na mmalize kabla ya magharibi.

4. Kijana naye aruhusiwe kuongeza lake.
Hapa wazee wangu mtanisamehe. Wapo wanaowaita vijana waje wajifunze, kisha wakawakataza kugusa hata ubeti mmoja. Taarab yenyewe haikuwahi kukaa pahala pamoja. Siti binti Saad, aliyetoka Fumba na kuuza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili muziki ambao kasri ya Sultani iliuzoea kwa Kiarabu. Bi Kidude akazichukua nyimbo za Siti, akaziimba kwa namna yake. Mwaka 2020 kitukuu wa Siti, Siti Muharam, akatoa albamu ya Siti of Unguja, akizirudia nyimbo za mababu kwa mipangilio mipya. Lau kila mkubwa angesema "acha, usiharibu", tusingekuwa na hata mmoja kati ya hao.

Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002, kimewaketisha mafundi wa zamani na wanafunzi wadogo chumba kimoja, na udi, ganuni na fidla kati yao. Mtaani fanyeni hivyo kwa kidumbak, isiyotaka gharama kubwa. Kwanza kijana afuate ala zake, sanduku, mkwasa na cherewa, kama alivyoelekezwa. Akishashika, alete ubeti wake, na mzee aujibu.

5. Chungeni ulimi, wakubwa kwa wadogo.
Shikamoo itangulie, marahaba ifuate, kisha kila mtu aitwe kwa jina lake. Anayesema "kizee" arudishwe palepale kwa upole. Na anayesema "watoto hawa wa simu" naye arudishwe, hata akiwa sheha.

6. Ruhusa kabla ya simu.
Ombeni kabla ya kurekodi, na mkikataliwa wekeni simu chini. Mambo ya unyago yana wenyewe, na bibi akisema hili haliendi mtandaoni, haliendi. Jina la mzee liandikwe kwenye kazi kama la msanii mwengine yeyote, na posho imfikie sawa na wenziwe. Nauli ya daladala si malipo. Video ikishakamilika, irudi kwake kwanza, aitazame na jamaa zake kabla ya mtaa mzima.

7. Wafuateni wasioweza kuja.
Nyumba za wazee za Sebleni na Welezo hupata wageni wengi zaidi ifikapo tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani. Nendeni Machi. Nendeni na ngoma au ukili wa kusuka, mkae, na ahadi ya kurudi muitimize. Mchele na sabuni vinasaidia, lakini mtu aliyekuwa hodari wa beni ujanani anastahili kuulizwa habari za beni.

8. Onyesho liwe la wote.
Kajifunzeni Makunduchi, Julai, kwenye Mwaka Kogwa. Wanaume wanapigana kwa vigogo vya migomba, wanawake wanaimba wakiwa wamejipamba, kibanda kinachomwa moto, na wazee ndio wanaojua kila jambo lianze lini. Nanyi gawaneni kazi namna hiyo, onyesho liwe fupi, nusu saa yatosha, kisha kahawa na kashata. Kabla watu hawajatawanyika, tajeni mbele ya wote tarehe ya kukutana tena na nani atamfuata babu nyumbani kwake.