SIRI YA MGONJWA NI AMANA

Katika somo hili twataka kuzungumza na ndugu zetu wa Mombasa, Lamu na Malindi juu ya kazi ifanywayo Nairobi, katika mitaa ya Kibera na Kawangware, na watu ambao ujira wao ni mdogo na sifa zao ni ndogo zaidi. Nao ni wahudumu wa afya ya jamii, wazungukao nyumba kwa nyumba kuwaangalia wagonjwa, wakiwamo wenye virusi vya ukimwi.

Huenda msomaji akauliza: Kibera yatuhusu nini sisi watu wa pwani? Twamjibu kuwa mtaa ule ulianzishwa na Waislamu, askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la Kiingereza, na jina lake latokana na neno lao la msitu. Mwaka 2017 vizazi vyao walipewa hati ya ardhi ya eka 288. Na juu ya hayo, maradhi haya hayakubakia Nairobi.

Yalijulikana Kenya mwaka 1984, na mwaka 1999 Rais Moi akayatangaza kuwa ni janga la taifa. Zama hizo mgonjwa alihesabiwa maiti kabla ya kufa. Leo sivyo. Dawa hutolewa bure katika hospitali za serikali, na wagonjwa wengi wakubwa humeza kidonge kimoja tu kwa siku. Mwenye kukishika barabara, virusi humpungua damuni hata kipimo kisivione. Na akidumu hivyo hamwambukizi mwenziwe wa ndoa, na mama mja mzito huweza kuzaa mtoto aliye salama. Lakini mwenye kuiacha dawa, virusi humrudia, na huenda vikaizoea dawa ile isivifae kitu tena. Basi shida siyo kupata dawa tu. Shida ni kudumu nayo maisha, katika njaa na safari na ugomvi wa nyumbani. Hapo ndipo aingiapo mhudumu.

Yeye si daktari. Ni jirani aliyefundishwa, akapewa nyumba kama mia moja za kuziangalia. Huuliza kama dawa zamezwa, husikiliza kikohozi asije kuwa ni kifua kikuu, humtafuta aliyekosa siku yake ya hospitali. Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu kama 100,000 wa nchi nzima mikoba ya vifaa, na posho ikapangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Kwa mtazamo wetu, anayetaka kujua uzito wa posho hiyo na aulize kodi ya chumba kimoja Nairobi.

Lakini mzigo wao mzito ni siri. Vyumba vya mitaa ile vimegawanywa kwa mabati, na neno la huku lasikika kule. Akijulikana mhudumu kuwa ni wa wagonjwa wa ukimwi peke yao, kila mlango aubishao hodi umekwisha kutangazwa. Kwa hivyo hupita nyumba zote, akauliza chanjo za watoto, maji ya kunywa na shinikizo la damu, ili mgonjwa mmoja afichike katika wengi. Wako wagonjwa wavitoao vidonge katika chupa wakavifunga kitambaani, kwa sababu chupa hulia ikitikiswa. Wako wanaopita hospitali ya karibu wakaenda ya mbali. Sheria ya mwaka 2006 imefanya kuwa ni kosa kuitoa siri ya mwenye virusi bila ya idhini yake; lakini sheria haiketi barazani. Anayeketi barazani ni sisi. Twastaajabu kumwona mtu ametoka msikitini, kisha akaketi kuhesabu nyumba alizoingia mhudumu na kumwambia mwenziwe: "Umemwona?" Ulimi huo humfungia mgonjwa mlango wa dawa.

Na wako waganga wawaambiao wagonjwa waache vidonge wanywe kombe. Kumwombea mgonjwa dua ni jambo jema, wala dua haimzuilii mtu dawa. Amwambiaye aiache amemdhulumu, hata akiwa na kilemba kikubwa namna gani.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nchi za nje, na katika Kenya wafanyakazi wengi waliolipwa kwa fedha hizo walirudishwa majumbani. Jirani mwenye nyumba zake mia moja yuko pale pale, na wanaomtegemea wamezidi.

Limebaki swali la Ramadhani. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kula. Lakini aliye na afya njema, amezaye dawa mara moja tu kwa siku, huweza kuihamishia wakati wa futari au daku, baada ya kumwuliza tabibu wake kabla ya mwezi kuandama. Mja mzito, na mwenye kifua kikuu pamoja na virusi, wasijiamulie wenyewe, kwani dawa zao huenda zikawa na saa nyingine.