Somo: Supu ya Kongoro na Hatari ya Kiporo

Kahama, Nyarugusu na kwingineko katika ukanda wa dhahabu, wachimbaji wadogo wengi huanza siku kwa bakuli la supu ya kongoro, utumbo au mbuzi kabla ya kushuka duarani. Upishi huu wa moto mdogo na muda mrefu si wa huku pekee. Katika jimbo la Guangdong, China, mifupa nayo huchemshwa kwa saa kadhaa. Sababu ni moja: kano na ngozi hulainika taratibu na kutoa jelatini, ambayo huufanya mchuzi kuwa mzito.

Kwa nini kiporo kidhuru?

Walaji wengi huamini kwamba kilichochemka usiku kucha hakina madhara. Imani hiyo hukoma sufuria inapoepuliwa. Bakteria aitwaye Clostridium perfringens, apatikanaye katika utumbo wa wanyama, hujihifadhi katika chembe ngumu ziitwazo spora, ambazo hustahimili kuchemka. Supu nyingi ikipoa polepole, spora huamka na bakteria huzaliana katika uvuguvugu. Mlaji hupata msokoto wa tumbo na kuhara kati ya saa 6 na 24 baada ya kula.

Kuchemsha upya huua bakteria hao, lakini si kila sumu huharibiwa na moto. Bakteria wa Staphylococcus aureus, ambao huweza kutoka katika mikono yenye vidonda, huacha sumu inayostahimili kuchemka. Kwa hiyo, moto wa leo haufuti kosa la jana. Kwa anayelipwa kwa kazi ya siku, kuugua siku moja ni kukosa riziki ya siku hiyo.

Mambo ya kuzingatia

1. Supu inayouzwa ibaki motoni, ikifuka mvuke. Joto lisishuke chini ya nyuzi 60 za Selsiasi.
2. Supu iliyobaki igawanywe katika vyombo vidogo vipana ili ipoe upesi, kisha iwekwe kwenye jokofu kabla ya saa 2 kupita. Pasipo jokofu, ipikwe inayotosha siku hiyo tu.
3. Nyama itoke machinjioni ikiwa na muhuri wa mkaguzi. Mnyama aliyekufa mwenyewe asichunwe wala asiliwe: spora za kimeta pia huweza kustahimili kuchemka.
4. Chombo kilichotumika kuchomea dhahabu au kuwekea zebaki kisirudi jikoni kamwe. Kuchemsha hakukisafishi.

Haki na wajibu wa mlaji

Tangu mwaka 2019, usalama wa chakula husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Katika halmashauri yupo afisa afya. Mlaji ana haki ya kumuuliza mama lishe, kwa heshima, supu imepikwa lini na imehifadhiwaje. Wakiugua watu kadhaa waliokula pamoja, waende kituo cha afya na afisa afya ajulishwe mapema. Supu iliyosalia isiliwe wala isimwagwe kabla hajaiona.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini sufuria kubwa iliyojaa supu ni hatari zaidi inapopoa kuliko chombo kidogo?
2. Taja madhara mawili ambayo kuchemsha hakuyaondoi.