Dakika za Kabla ya Hospitali: Raia Mbele ya Jeraha Linalomwaga Damu

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, watu waliokuwa maofisini jirani na ubalozi wa Marekani jijini Nairobi walisikia kwanza kishindo na milio ya risasi. Wengi walifanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya: waliacha kazi, wakasogea dirishani kutazama. Punde bomu lililokuwa ndani ya lori likalipuka. Watu zaidi ya 200 walifariki, maelfu wakajeruhiwa, na miongoni mwa majeruhi walikuwamo waliopoteza macho kwa sababu vioo viliwapasukia usoni. Karibu wakati uleule Dar es Salaam nayo ilishambuliwa, na watu 11 wakapoteza maisha.

Nimeanza na madirisha yale kwa kuwa udadisi ni tabia yetu. Tukisikia mlio, tunautafuta. Siku hizi tunautafuta na simu mkononi. Mwanafunzi wa somo hili ajizoeze kinyume chake. Ukisikia mlipuko au risasi, jitenge na vioo, shuka chini, kisha toka kwa njia iliyo mbali na sauti. Usipoweza kutoka, ingia chumba chenye ukuta imara, funga mlango, uzuie kwa meza au kabati, zima mlio wa simu. Piga 112 ukiwa mahali salama, si kabla. Kila uingiapo ukumbini, sokoni au msikitini, tazama mlango wa pili uko wapi. Jambo hilo halihitaji hofu; linahitaji shingo tu.

Hayo ni ya sekunde za mwanzo. Ninayotaka kuyazungumza kwa kirefu ni ya dakika zinazofuata, kwa sababu hapo ndipo sisi wa chumba cha upasuaji tunapowapoteza watu ambao hatujawahi kuwagusa.

Mtu mzima ana damu ipatayo lita 5. Akipoteza lita 2 yumo katika hatari kubwa ya kufa, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika, kiasi hicho hutoka kwa dakika chache. Mtoto wa kilo 15 ana damu lita moja na kidogo tu, hivyo kinachoonekana kuwa kidogo sakafuni kwake ni kikubwa. Gari la wagonjwa haliwezi kushindana na muda huo, hata barabara ikiwa tupu. Katika duka la Westgate, Septemba 2013, mzingiro uliendelea kwa siku kadhaa. Mtu aliyejeruhiwa ndani hakuwa na msaada wa karibu zaidi ya mtu aliyelala kando yake.

Nikiwa daktari mchanga, nilipokea kijana aliyechomwa kisu pajani katika vurugu za usiku. Waliomleta walikuwa rafiki zake, watu wema, na walikuwa wamemfunika shuka safi kutoka kiunoni hadi miguuni. Shuka ile juu ilikuwa kavu. Chini yake, kiti cha bajaji kilikuwa kimelowa, na damu ilikuwa imefika sakafuni. Hakuna aliyekuwa amelibana jeraha. Waliona haya kulitazama, na walidhani kulisitiri ni kulitibu. Safari yao ilikuwa ya dakika ishirini hivi. Hatukufanikiwa kumrudisha.

Vijana wale wangelifanya nini? Kwanza, wangelifunua nguo waone damu inatoka wapi. Pili, wangeweka kitambaa juu ya tundu lenyewe na kukandamiza kwa mikono miwili, viwiko vikiwa vimenyooka, kwa uzito wa mwili wote, bila kuachia hadi mlango wa hospitali. Khanga inatosha, fulana inatosha. Damu ikipenya, ongeza kitambaa kingine juu. Usiinue cha kwanza kuchungulia, maana kila unapochungulia unabandua damu iliyoanza kuganda. Jeraha likiwa na shimo refu kwenye kinena, kwapa au shingo, sukumia kitambaa ndani ya shimo mpaka lijae, kisha kandamiza. Shingoni, angalia usizibe njia ya hewa. Kifua na tumbo havijazwi hivyo: majeruhi huyo akimbizwe kwa mpasuaji. Kisu au chuma kilichobaki mwilini kisichomolewe. Majivu, kahawa na mafuta ya taa viachwe jikoni.

Kama hujui hali ya afya ya majeruhi, kinga mikono yako. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2019, lakini karatasi ya nailoni ya mkate bado ipo na inafaa.

Mkono au mguu ukiendelea kumwaga damu licha ya kukandamizwa, fungeni mkanda wa kubana mshipa. Chukua kitambaa imara chenye upana wa vidole vitatu, kizungushe vidole vinne juu ya jeraha, upande wa kuelekea moyoni, lakini si juu ya goti wala kiwiko. Piga fundo, weka kijiti kigumu, mathalani mpini wa mwiko, piga fundo jingine, kisha zungusha kijiti mpaka damu ikome, na ukifunge kisirudi. Waya na kamba nyembamba hukata nyama, visitumike. Majeruhi atalia kwa maumivu na kukusihi ulegeze. Usilegeze. Mkanda uliolegea nusu ni mbaya kuliko kutokuwapo, kwani huzuia damu kurudi moyoni huku ukiiruhusu kuendelea kutoka. Wengi huogopa kwamba mguu utakatwa. Kwa kawaida mguu huvumilia hadi saa mbili, muda ambao mwenye mguu hana. Baada ya milipuko ya mbio za Boston, Aprili 2013, wapita njia na waokoaji walifunga mikanda ya kubuni papo hapo, na majeruhi wote waliofika hospitalini wakiwa hai walipona.

Kisha kuna PF3. Fomu hiyo ya polisi ina umuhimu wake, lakini damu haiingoji. Mmoja aende kituoni, wengine waende hospitali moja kwa moja. Njiani majeruhi alazwe, afunikwe asipate baridi, asinyweshwe chochote. Mkifika, mwambieni muuguzi mambo matatu kabla ya jina la mgonjwa: jeraha liko wapi, mkanda umefungwa saa ngapi, na kama ni zaidi ya jeraha moja. Saa hiyo iandikeni kwa kalamu juu ya paji la uso wake, na yule anayekandamiza asiondoe mikono mpaka mikono mingine iwe tayari.