Jina la Ukoo "Walker": Fundi au Mtembeaji?

Wengi wetu tukutanapo na jina la ukoo la Kiingereza Walker hulifasiri kuwa "mtembeaji". Kietimolojia, hilo ni kosa. Jina hili latokana na neno la Kiingereza cha Kale wealcere, yaani fundi aliyekikanyaga kitambaa cha sufu majini, aghalabu kwa kutumia mkojo uliochacha (msomaji aniwie radhi), hadi kikatakata na nyuzi zake kushikamana. Vinu vya maji vilianza kuipokonya miguu kazi hiyo katika karne ya 12, jina likabaki.

Uenezi wake uliamuliwa na lahaja. Fundi yuyo huyo aliitwa Walker kaskazini mwa Uingereza, Fuller kusini-mashariki, na Tucker kusini-magharibi. Hata katika sensa ya mwaka 1881, akina Walker walikuwa wengi Yorkshire, na akina Tucker Devon.

Nchini Marekani jina hili limeenea pia miongoni mwa vizazi vya watumwa. Mwandishi Alice Walker, aliyezaliwa Georgia mwaka 1944, ameeleza kwamba alilidumisha kwa kumbukumbu ya bibi wa ukoo wake ambaye, akiwa mtumwa, alitembea kutoka Virginia hadi Georgia akiwa amebeba watoto wawili. Kwake yeye, Walker ni mtembeaji.