Mvuvi Asiye na Mtumbwi

Huku kwetu Geita, mwaloni Nkome, vijana wengi wanaovua hawana mtumbwi. Unapanda wa tajiri, usiku wa giza, taa zinawaka, mnavuta dagaa. Pa kuvua anachagua mwingine. Asubuhi mafuta na chakula vinakatwa kwanza, ndo mnagawana kinachobaki.

Sasa fungua Luka 5. Yesu naye hakuwa na chombo. Aliomba cha Simoni, akakaa humo kufundisha. Marko 1:20 inataja vibarua waliobaki na Zebedayo. Majina yao hatupewi, ila bila wao mzee angebaki na nyavu peke yake. Hapo mimi huwa nasimama kidogo.

Nawe tajiri, soma Yakobo 5:4 kabla hujapiga hesabu ya mgawo.